Simu Itangulie Panga

Haya ni maneno kuhusu kuuza mazao kwa simu, niliyowaambia wakulima, wachuuzi, wapishi wa shule na vijana wa boda tulipokutana hapa Busia, upande wa Uganda. Wengi walikosa kufika kwa sababu mvua ilinyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, na mkulima hawezi kuiacha ardhi iliyolowa akaja kukaa kwenye kiti cha plastiki. Nawaelewa. Kwa ajili yao nimeyaandika yote kama nilivyoyasema.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, kaka na dada zangu, nanyi vijana wa boda mliosimama pale chini ya mwembe: mulembe! Ndugu zangu Wateso, yoga! Asalamu alaikum. Bwana asifiwe. Nitazungumza Kiswahili, maana hapa mpakani ndiyo lugha ambayo Msamia, Mgwe, Mteso, Msoga na jirani yetu wa upande wa pili wote wanaishika wanapotaka kuulizana bei.

Mimi sikusomea kompyuta. Nimeuza mboga katika soko la hapa Busia kwa miaka kumi na saba kabla ya kuingia katika kazi ninayofanya sasa, ya kupokea maagizo ya wateja kwa simu na kuyafikisha kwa wakulima wa Lumino, Masafu, Dabani na Buteba. Mengi nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu. Nikifika kwenye jambo nililolisoma tu, nitawaambia nimelisoma.

Nianze na mama yangu.

Mama alilima mrenda, kabichi na dodo, ule mchicha wetu, karibu na Lumino. Siku ya soko aliamka saa tisa usiku. Aling'oa dodo gizani kwa mwanga wa koroboi, akaifunga mafungu, akaitia kwenye gunia lililoloweshwa maji, akajitwika hadi barabarani kungoja gari. Saa tatu asubuhi sokoni mboga ilikuwa bado inapendeza. Saa sita majani yalianza kulegea. Mteja wa saa tisa alasiri hakuuliza bei. Aliitaja bei yake mwenyewe, na mama akakubali. Kilichobaki kilirudi nyumbani, wakala mbuzi.

Sasa sikilizeni kilichoniuma miaka yote. Kilomita tatu kutoka shamba la mama palikuwa na shule ya bweni. Watoto walikuwa mamia. Kabichi za shule ile zilitoka milimani huko Mbale, zikapanda lori, zikapita Tororo, zikashuka hapa Busia sokoni, zikanunuliwa, zikapakiwa kwenye pikapu na kurudishwa kijijini. Kabichi ilipita mbele ya shamba la kabichi ikienda kupikwa! Na mwenye shamba yuko mjini anabembeleza wapita njia. Mpishi hakumjua mama. Mama hakumjua mpishi. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Walikosa tu njia ya kuambiana maneno mawili: "ninazo" na "nazitaka".

Wahenga wametuachia usemi kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, lakini kwenye mboga naomba ruhusa niwapinge. Kabichi ya mama ilikuwa njema na haikujiuza. Nyanya njema haijiuzi. Nyanya njema ambayo hakuna anayejua iko wapi, baada ya siku nne ni nyanya mbovu.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za wavuvi wa Kerala, kule India, zilizoandikwa na mtafiti aitwaye Robert Jensen mwaka 2007. Ninyi mliotoka Majanji, kule ziwani, mtazielewa kuliko wote. Asubuhi ya tarehe 14 Januari 1997, wavuvi 11 katika ufuo wa Badagara walikuwa wamekosa mnunuzi kabisa, wanajiandaa kumwaga samaki wao. Asubuhi hiyo hiyo, ndani ya kilomita 15, wanunuzi 27 kwenye fuo nyingine walikuwa wakijiandaa kuondoka mikono mitupu kwa sababu samaki hawakuwatosha. Kumi na moja wanamwaga, ishirini na saba wanakosa, na kati yao ni mwendo wa baiskeli!

Kisha minara ya simu ikajengwa kwenye pwani ile, kati ya mwaka 1997 na 2001. Wavuvi wakaanza kupiga simu ufuo huu na ule kabla ya kuamua mashua ielekee wapi. Kumwaga samaki kukakoma. Faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 hivi, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4 hivi. Muuzaji alipata zaidi, na mnunuzi akalipa kidogo. Yawezekanaje wote wawili wafaidike? Kwa sababu kilichokuwa kimekaa katikati yao ni samaki waliooza, na samaki aliyeoza hamlipi mtu.

Sasa nawauliza: wavuvi wale walipiga simu wakiwa wapi? Wakiwa ufuoni, samaki wakiwa wametandazwa juani? Hapana. Wakiwa bado majini. Walipiga wakati bado waliweza kuchagua.

Ndiyo maana nasema: simu itangulie panga. Naomba tuseme pamoja. Simu itangulie panga!

Na si Kerala peke yake. Hapa kwetu Uganda watafiti wawili, Megumi Muto na Takashi Yamano, walizifuatilia kaya 856 katika vijiji 94, mwaka 2003 na tena mwaka 2005, wakati mtandao wa simu ulipokuwa ukitandaa nchini. Walikuta kwamba mtandao ulipowafikia watu wanaoishi mbali na mji wa wilaya, wakulima wengi zaidi walianza kuuza ndizi. Na mahindi? Kwenye mahindi hawakuona badiliko la namna hiyo. Fikirini kidogo. Simu ni ile ile, mkulima ni yule yule, barabara ni ile ile. Mbona ndizi ziuzike na mahindi yabaki palepale? Mahindi yaliyokauka yanaweza kungoja. Mkungu uliokatwa haungoji. Nguvu ya simu iko kwenye vitu visivyongoja: dodo, nyanya, maziwa, samaki, matoke.

Sasa tujiangalie sisi. Tunavuna kwanza, halafu ndipo tunapiga simu. Tunakata mikungu kumi, tunaipanga kando ya barabara, halafu tunatoa simu mfukoni: "Haloo, unataka matoke?" Yule wa upande wa pili si mjinga. Anasikia kwenye sauti yako kwamba umeshakata. Anajua saa zinamfanyia kazi yeye. Bei umeishusha mwenyewe kabla hujaitaja.

Tunavyofanya sisi na wakulima wangu ni hivi. Jumapili jioni natuma ujumbe kwa wateja: nani atahitaji nini Jumanne? Mwenye simu janja nampelekea kwa WhatsApp, asiye nayo nampigia. Jumatatu mchana najumlisha. Jumatatu saa kumi namwambia kila mkulima sehemu yake: wewe dodo mafungu thelathini, wewe kabichi ishirini, wewe trei mbili za mayai. Jumanne alfajiri, ndipo panga linatoka. Kinakatwa kilichoagizwa. Kabichi isiyo na mwenyewe inabaki imesimama shambani, inaendelea kunywa maji yake. Chumba cha baridi hatuna, na gharama yake hatuiwezi. Lakini shamba lenyewe ni ghala, ndugu zangu, tukiacha kulifungua kabla ya wakati.

Kila zao lina namna yake, hilo nakubali. Nyanya ikishaiva haikusubiri hadi Jumanne. Kwa hiyo simu ya nyanya hupigwa ingali kijani, inapoanza kugeuka rangi. Na kuna simu inayotangulia jembe kabisa, ambayo wengi hatujaanza kuipiga. Muhula wa kwanza wa shule zetu huanza Februari, kiangazi kikiwa kimekaza, na kabichi huchukua kama miezi mitatu. Mwenye kipande karibu na bonde lenye maji anapaswa kuzungumza na shule mwezi Novemba. Februari ukimpigia mpishi atakuambia ameshapata mtu, na mtu huyo yuko Mbale.

Mtaniuliza, kwa nini nang'ang'ania wateja wa hapa karibu wakati sisi ni watu wa mpakani na malori yanapita usiku na mchana? Mnakumbuka Machi 2021? Tarehe 5 mwezi huo Kenya ilitangaza kusimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya ukungu, ile aflatoksini. Malori yakapanga foleni hapa. Siku chache baadaye njia ikafunguliwa kwa masharti ya vyeti. Silaumu mtu kulinda watu wake na sumu, na kukausha mahindi vizuri ni wajibu wetu hata kama hakuna mpaka. Lakini siku zile nilimwona mzee mmoja amekaa kwenye ngazi ya lori, ameshika karatasi zake, hajui arudi au angoje. Watoto wa shule za Busia walikula siku zile zote. Hospitali ya Masafu ilikuwa na wagonjwa wanaokula. Wauza rolex, zile chapati za kukunjwa na mayai, walihitaji mayai, nyanya na vitunguu kila jioni. Wateja wa karibu hawakufungwa na tangazo lolote. Tuuze mbali tukiweza, lakini tusiwaache hawa walio mlangoni.

Na madalali je? Najua baadhi yenu mlikuja hapa mkitaka niwatukane. Sitawatukana. Dalali ana lori, anabeba hatari ya kuharibikiwa njiani, na mahali pengine yeye ndiye mnunuzi pekee aliyefika. Kinachotuumiza ni kwamba yeye anajua bei na sisi hatuijui. Zamani kidogo redio za hapa Uganda zilitangaza bei za masoko. Jakob Svensson na David Yanagizawa walipolichunguza jambo hilo, waliona kwamba wakulima wenye redio, kwenye wilaya zilizopata matangazo yale, waliuza mahindi yao shambani kwa bei iliyozidi kwa karibu asilimia 15. Mnunuzi ni yule yule. Tofauti ni kwamba safari hii mkulima naye alijua. Kwa hiyo kabla dalali hajafika, piga simu mbili. Uliza Busia wanauzaje, uliza Tororo wanauzaje. Kisha mkaribishe kiti, mzungumze.

Jambo la pili ni uaminifu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunaharibu.

Sokoni mteja anashika nyanya. Anaibonyeza, anainusa, anageuza fungu kuangalia chini. Kwenye simu hawezi. Kwenye simu anashika neno lako tu. Sasa, neno lako lina uzito gani?

Mwaka wangu wa kwanza nilipata agizo kubwa kutoka hoteli moja ya hapa mjini. Nyanya kilo arobaini. Nilifurahi mno hata usiku sikulala. Mkulima mmoja akanitumia picha, nyanya nyekundu, ngumu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Nikaipeleka picha hotelini, wakakubali. Asubuhi sanduku likafika, likaingizwa jikoni, likafunguliwa. Juu nyanya za picha. Chini yake ndogo. Chini kabisa zimepasuka na kutoa maji. Na baadaye nikagundua kwamba hata picha yenyewe ilikuwa ya wiki iliyopita.

Mpishi mkuu hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningepata nafuu. Alifunga sanduku polepole, akasema, "Mama, chukua mali yako." Nikalibeba. Nikazunguka sokoni mwenyewe, nikanunua kilo arobaini kwa pesa yangu, nikazichambua moja moja, nikazipeleka kabla ya saa sita. Alizipokea. Lakini ilimchukua miezi minne kuniagiza tena.

Nilikwenda kwa mkulima yule. Sikwenda kugombana. Nilimuuliza, "Kaka, kwa nini?" Akanijibu kitu nilichokifikiria sana. Alisema, "Dada, sokoni tunapanga hivyo hivyo." Na ni kweli! Sote tunapanga hivyo. Kubwa juu, ndogo chini. Tumezoea kwa sababu sokoni mnunuzi wa leo huenda usimwone tena. Kwenye simu mteja ni yule yule, wiki hii na wiki ijayo, na namba yako imebaki kwake. Simu inakumbuka. Ujanja unaofaa kwa mtu wa kupita unakuua kwa mtu wa kurudi.

Tangu siku ile tumekubaliana mambo machache, na hayana mjadala. Picha ipigwe asubuhi ya kuvuna. Ipigwe sanduku likiwa limemiminwa chini, siyo likiwa limepangwa. Kila kikundi kina mizani, na tunauza kwa kilo. Tumeachana na fungu na beseni kwa wateja wa simu, maana fungu la mama huyu si fungu la mama yule. Na nyanya ndogo inaitwa ndogo, inapewa bei ya ndogo.

Mnaona kama tunajipunguzia? Ngoja niwaambie kilichotokea. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipiga Dabani. Mama mmoja akanipigia akilia. Nyanya zake zote zina madoa, na ameshaahidi kilo ishirini. Angeweza kuficha. Akaniambia nitume picha kama zilivyo na niseme ukweli. Nikatuma: "Zimepigwa na mawe, ndani ni nzima, hazitakaa zaidi ya siku mbili, bei imeshuka." Mteja wa kwanza akakataa. Lakini ndani ya saa moja vijana wawili wa chapati na mama mmoja mwenye kibanda cha chakula wakazitaka zote, kwa sababu wao nyanya wanaikatakata usiku uleule, doa haliwahusu kitu. Kilo ishirini zikaisha, na wakauliza kama kuna nyingine. Zingefichwa chini ya sanduku, mteja angezitupa na mama angepoteza jina. Zilipotajwa kwa jina lao, zilimpata anayezihitaji.

Jambo la tatu nitalipitia haraka kwa sababu vijana wa boda wanalijua kuliko mimi. Ni usafiri na pesa.

Machi 2020, korona ilipoingia, usafiri wa umma ulipigwa marufuku. Boda wakakatazwa abiria, wakaachiwa mizigo. Sisi wachuuzi wa chakula tukaambiwa tulale sokoni. Nililala sokoni, juu ya magunia, chini ya chandarua nilichokifunga kwenye nguzo ya meza yangu. Wateja hawakuja. Simu ndizo zilikuja. "Mama, niletee vitunguu. Mama, una mchele wa Butaleja?" Nikaanza kuandika namba kwenye daftari la mtoto wangu, na kijana mmoja wa boda, ambaye hakuwa na abiria wa kubeba, akawa anapeleka. Hivyo ndivyo kazi hii ilivyoanza. Kampala nako mwaka huo huo UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na Jumia, kampuni ya kuuza kwa mtandao, waliwaunganisha wachuuzi wa masoko kama Nakasero na Nakawa na wateja waliofungiwa majumbani.

Nilichojifunza ni kwamba boda akipeleka kifurushi kimoja, nauli inakula faida yote. Akipeleka vifurushi kumi na viwili kwa mtaa mmoja, nauli inakuwa kitu kidogo. Ndiyo sababu tuna siku mbili tu, Jumanne na Ijumaa, na ndiyo sababu mteja wa Jumatano naomba asubiri. Atanung'unika. Akiona bei, anasubiri.

Na pesa: tusiwe na haraka ya kuitoa kwenye simu. Kutuma kuna gharama, kutoa kuna gharama, na juu yake kuna ushuru wa nusu asilimia wa kutoa pesa. Mlipe boda kwa simu, mlipe muuza mbegu kwa simu, peleka akiba ya kikundi kwa simu. Anayetoa shilingi zote leo na kesho kuzirudisha amelipa mara mbili kwa pesa yake mwenyewe. Wateja wetu wa ng'ambo ya mpaka wanalipa kwa shilingi za Kenya, na wengi wenu mna laini mbili mfukoni. Kubalianeni na mteja kiwango cha kubadilisha kabla ya kuvuna. Hata hapo simu itangulie panga.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Simu hiyo anaishika nani?

Kuna mama mmoja kwenye kundi letu, mkulima hodari wa mboga. Mwanzoni hakuwa na simu, na laini aliyokuwa akitumia ilikuwa ya mumewe. Mnajua laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na mama asiye na kitambulisho huazima jina la mtu mwingine. Pesa ya dodo ikawa inaingia kwenye jina la mtu ambaye hakushika jembe. Mume hakuwa mlevi wala mtu mbaya. Pesa iliingia, shida za nyumbani zikawepo, akaitumia. Wiki ya kwanza mama alivumilia. Wiki ya pili alivumilia. Wiki ya tatu agizo lilikwenda na mboga haikuja. Nilidhani ni mgonjwa. Nilipofika nikamkuta shambani, dodo imesimama mpaka kiunoni, nzuri kweli. Akaniambia, "Sioni sababu ya kuikata."

Wazee wangu, nawaomba mlisikie hilo kwa uzito wake. Dodo iko, mteja yuko, simu iko, boda yuko. Kila kitu kiko, na mlolongo wote umekatika kwa sababu aliyevuja jasho hakuiona pesa. Tulikaa na mumewe, tukazungumza kwa heshima. Mama akaenda kushughulikia kitambulisho, ikachukua muda, akakipata. Akanunua kitochi, simu ndogo ya vitufe, kwa pesa ya mboga zake mwenyewe. Leo ndiye anayejibu kwanza kila Jumatatu.

Nimesema kitochi makusudi. Kijana mmoja aliniambia kazi yetu haiwezi kukua mpaka wakulima wote wawe na simu janja. Mimi sikubali. Kuna jaja mmoja, mzee wa Buteba, asiyejua kusoma. Tulikubaliana naye kubipu. Akibipu mara moja, ana mayai. Akibipu mara mbili, ana kuku. Akibipu mara tatu, nimpigie, kuna tatizo. Hatumii hata shilingi moja, na hajawahi kukosea. Tukiiga miji mikubwa tukasema lazima programu, lazima picha, lazima data, na data yenyewe tangu Julai 2021 inatozwa ushuru wa asilimia 12, tutamwacha jaja nje ya mlango, na mayai yake ni mazuri kuliko ya wote.

Programu huja na kuondoka. Mwaka 2009 Google, kampuni ya simu ya MTN na shirika la Grameen Foundation walileta hapa Uganda huduma ya ujumbe mfupi ya kukutanisha wauzaji na wanunuzi. Ilikuwa fikra nzuri sana. Haipo tena. Jumia Food, huduma ya kuagiza chakula, ilifunga kazi zake Uganda mwishoni mwa mwaka 2023. Siwabezi; walitufundisha mengi. Ninachowaomba ni hiki: majina ya wateja wako, namba zao, wanachopenda, siku wanazonunua, viwe vimeandikwa kwa mkono wako. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo wahenga sina la kuwapinga. Na daftari hilo ni amana. Namba ya mteja usiigawe hovyo, na mahali anapoishi mama aliye peke yake na watoto pasitajwe kwenye kundi la watu mia.

Daftari langu la kwanza, lile la mtoto wangu, ninalo hapa. Liko na madoa ya vitunguu. Ukurasa wa tatu una jina la shule ile ya karibu na Lumino, niliyowaambia mwanzoni. Mama yangu alikuwa hai nilipoliandika. Aliuza kabichi pale kwa mihula minne kabla magoti hayajamkataza. Alikuwa akienda kwa miguu, asubuhi, jua halijawa kali, na kurudi na gunia tupu mkononi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami sitamchosha. Mpishi wa sasa wa shule ile yuko hapa, pale nyuma, yule dada mwenye kitambaa cha kijani. Dada, simama wakuone. Ameniambia kwamba Jumatatu ijayo anahitaji kabichi sitini, vitunguu kilo kumi na tano, na dodo ya walimu mafungu ishirini. Hakuna aliyevuna bado. Toeni simu. Kabichi sitini, nani anazo?